Umri wa Dido

Tulipomzika mama, mwezi uliopita, alikuja mwanamume mmoja mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa, akashika kazi bila kuombwa. Alifunga turubai juu ya ua wangu hapa Rugerero, akapanga viti vya kukodi, akachota maji, na wakati wa chakula akala amesimama karibu na ukuta. Siku ya mwisho ya matanga binti yangu, ambaye ana miaka kumi na sita na hapendi kufichwa kitu, aliniuliza kama yule ni mjomba wa kwetu. Nikamwambia ni jirani wa zamani wa Mbugangari. Ilikuwa kweli, na ilitosha kwa siku zile za wageni. Wageni walipoondoka nilimkalisha nikamwambia lililobaki: kwamba yule ni Dido, ndiye aliyemuua mdogo wangu Fabrice, kwamba alifungwa miaka kumi na mitano akaimaliza, na kwamba hakufungwa maisha kwa sababu bibi yake, yaani mama yangu, alisimama mahakamani akasema jambo ambalo yeye peke yake angeweza kulisema. Binti akauliza, "Bibi alimusamehe?" Nikasema hapana. "Sasa juu ya nini alimusaidia?" Nilianza kumjibu nikaona jibu ni refu kuliko jioni ile, kwa sababu ni mwaka mzima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, najifunza kushona karibu na soko, na tuliishi Mbugangari katika ua wenye vyumba vinne vilivyotazamana. Vya kulia vilikuwa vyetu: kimoja changu na mama, kingine cha mdogo wangu Fabrice na magunia ya sambaza kavu, dagaa wa ziwani, ambazo mama aliuza. Vya kushoto alikaa Mama Dido na mwanawe. Katikati palikuwa na robine moja ya maji, kamba za nguo, na kibanda cha mabati ambamo mbabula mbili za makaa zilikaa bega kwa bega. Maisha yetu yalikuwa humo kibandani. Mama akikaanga sambaza, Mama Dido anasonga ugali pembeni, na mara nyingi tulikula bila kujua sufuria ni ya nani. Wageni walidhani ni ndugu wa tumbo moja. Mama alisema sana. Mama Dido, mwanamke mwembamba, mlokole, alicheka bila sauti huku mabega yakimtikisika. Kila asubuhi alivuka mpaka wa chini, ule tunaouita Petite, na beseni la nyanya kichwani, akauze Goma, upande wa Kongo, na jioni alirudi na habari za huko, nani ameolewa, bei ya sukari imefika wapi, askari gani leo ana hasira.

Urafiki wao ulianzia kijijini Nyakiriba, kabla ya vita. Walijifungua wiki moja katika kituo kimoja cha afya, Fabrice akitangulia, Dido akifuata baada ya siku chache. Mama Dido alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka, na mama akawanyonyesha wote wawili mpaka mwenzake alipopona. Nilikuwa mtoto wa miaka sita. Nakumbuka vichwa viwili juu ya kitenge kimoja, kimoja kina nywele nyingi, kingine hakina hata unywele, na mimi nimepewa tawi la kufukuzia nzi. Fabrice alibatizwa mapema parokiani. Dido hakubatizwa, maana kanisa la mama yake halibatizi watoto wachanga. Vita vilipokuja, kile kituo cha afya kiliteketea na kila karatasi iliyokuwa ndani.

Kufikia mwaka ule vijana hao wawili walikuwa wameachana njia. Fabrice alikuwa sekondari, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, mcheshi, mdomo haumlali. Dido aliishia shule ya msingi, akapata kazi ya kuchoma brosheti za nyama kwenye baa moja karibu na stendi ya pikipiki. Jumapili moja mchana, baada ya mpira, Fabrice alifika pale na wenzake wa shule, wasichana wakiwemo. Akaanza kumwita Dido boyi. Boyi, leta maji. Boyi, futa meza. Nimesimuliwa na waliokuwepo kwamba mara ya kwanza Dido alicheka, na mara ya pili akamwambia, "Acha, Fabrice, mi niko kwa kazi." Fabrice hakuacha. Alikuwa na kijana huyo maisha yake yote na hakuona sababu ya kumwogopa. Dido alikuwa ameshika kisu cha kukatia nyama. Alimchoma mara moja, chini ya mbavu. Fabrice alifia ndani ya gari lililokuwa likimpeleka hospitali, na Dido alikaa palepale juu ya kreti ya soda mpaka polisi walipomfikia. Mama alipoletewa habari alikuwa anapepeta sambaza. Alimwambia aliyeleta, "Ngoja nimalize," akaendelea kupepeta, na ilibidi nimnyang'anye ungo.

Wakati wa matanga Mama Dido alijifungia. Watu walitaka kumtolea vitu nje, na mkuu wa seli, kiongozi wa mtaa, akaja kutuliza. Usiku uleule alikimbilia kwa ndugu huku Rugerero, lakini baada ya wiki chache alirudi, maana ndugu walimchoka. Jioni aliyorudi aliingia kibandani akachukua mbabula yake, akaiweka nyuma ya chumba chake, kwenye ukingo mwembamba wa saruji, na tangu hapo alipikia huko, mvua ikinyesha amejifunika nailoni. Mama hakumwambia arudi, wala hakumwambia ahame. Walikutana kwenye robine. Mmoja akifika, mwingine anasubiri mlangoni mpaka ndoo ijae. Hawakusalimiana. Nimeishi na watu wengi waliogombana, lakini sijaona tena ua uliokuwa kimya namna ile huku kila mtu anajua mwenzake anakula nini, kwa harufu.

Kesi haikuwa na ubishi mkubwa. Dido alikiri tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni adhabu, na adhabu yote ilisimama juu ya umri wake. Sheria ilisema mwenye chini ya miaka kumi na minane siku ya kosa ni mtoto, na mtoto hafungwi maisha. Kitambulisho cha Dido kilisema ana kumi na tisa. Lakini kila mtu pale uani alijua kitambulisho kile kilipatikanaje. Mama Dido alipoumwa mgongo alitaka kijana ambebee mizigo kuvuka mpaka, na mpakani bila kitambulisho, ambacho mtoto hapewi, hupiti, basi alikwenda ofisini akamwongezea mwanawe miaka miwili. Sasa alipokwenda kwa jaji kusema alidanganya, mwendesha mashtaka alimuuliza swali jepesi: alidanganya wakati ule, au anadanganya leo? Hakuwa na cheti, hakuwa na padri, na mkunga alikuwa amekufa. Alibaki mtu mmoja duniani aliyejua na ambaye mahakama isingeweza kumtilia shaka.

Wakili wa Dido alikuja kwetu Jumamosi mchana. Alikuwa mwanamke kijana, amenizidi miaka michache tu, amekulia Tanzania na kusema Kiswahili cha kule. Kiti chetu kimoja kilikuwa kimevunjika mguu, akakaa kitandani kwa mama. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage, na pazia halizuii sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, nimekuja kukuuliza jambo ambalo sina haki ya kukuuliza."

"Uliza. Si umeshakuja?"

"Mama Dido anasema mlijifungua wiki moja. Ni kweli?"

Mama alikuwa na swali lake. Aliuliza, "Ni yeye alikutuma?"

"Hapana. Alinikataza kuja. Alisema nisikutese."

Nikasikia kitanda kikilia, mama akigeuka. "Na ule mutoto, anasema nini kule ndani?"

"Hasemi mengi. Anasema alifanya. Aliniuliza kama Fabrice alizikwa Nyakiriba au hapa."

"Mwambie iko hapa."

Kisha mama akaniita nilete chakula. Yalikuwa maharage ya asubuhi na viazi vitamu. Wakili alikula polepole, amejiinamia, na mama alimtazama mpaka sahani ikaisha. Hakuna aliyesema neno lingine juu ya kesi. Alipokwenda niliingia kukusanya vyombo nikamkuta mama amejiegemeza ukutani, macho wazi.

Wiki iliyofuata alikuja mjomba, mdogo wake mama, kutoka Nyakiriba, na kabichi mbili kama kawaida yake. Habari za wakili zilikuwa zimemfikia. Kwenye robine watu walikuwa wakisema tayari kwamba mama amepewa dawa, amefungwa kinywa, la sivyo mlango ule wakili asingeuvuka. Mjomba hakukaa.

"Dada, ukisema ile mambo kule kortini, unamuua Fabrice mara ya pili. Nyamaza tu. Mutu akinyamaza, hajadanganya."

Mimi nilikuwa upande wake, na nilisema hivyo. Nilitaka Dido azeeke ndani. Nilitaka atoke akiwa hana meno, au asitoke. Nilimwambia mama kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mama wa maiti kumtetea muuaji, na kwamba kama angekaa kimya hakuna ambaye angemlaumu, hata Mama Dido mwenyewe.

Mama alikuwa anakata kabichi ya mjomba. Hakuinua kichwa. "Fabrice alikufa na myaka ngapi?"

"Kumi na saba," mjomba akasema.

"Na Dido alizaliwa lini?"

"Dada, tunajua alizaliwa lini."

"Bon. Donc, Dido akikuwa na kumi na tisa, na Fabrice naye iko na kumi na tisa. Ile myaka mbili aliishi wapi? Munionyeshe. Alikuwa anakula kwa nani? Mi sikumupikia ile myaka. Sikumuona." Akaweka kisu chini. "Alipata kumi na saba. Ni kidogo, lakini ni yake. Siwezi kuichezea juu ya kumufunga mutu."

Mjomba alitoka kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Mimi nilibaki na hasira yangu. Sikuelewa siku ile, na nisidanganye kwamba nilielewa mwezi uliofuata. Nilichoelewa ni kwamba hoja zangu zote zilikuwa juu ya Dido, na mama hakuwa akimfikiria Dido hata kidogo.

Mahakamani tulikwenda kwa miguu. Ukumbi ulikuwa na mabenchi marefu na madirisha yaliyopakwa rangi nusu ili watu wa nje wasichungulie, na ulinuka sakafu iliyopigwa maji. Nusu ya Mbugangari ilikuwepo. Dido aliletwa amevaa sare ya wafungwa ya rangi ya waridi, imemzidi, mabega yameangukia kwenye viwiko. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mnyama. Nikaona masikio yake, yaliyochomoza kama zamani, nikalazimika kutazama mahali pengine. Majaji walikuwa watatu. Mama aliitwa, akaapa, akasimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Pale alizungumza Kinyarwanda, taratibu na vizuri, kama mtu anayesoma. Nimekiweka hapa kwa Kiswahili.

Mwendesha mashtaka alimuuliza ana uhakika gani wa jambo lililotokea miaka mingi hivyo.

"Watoto walikuwa wawili na maziwa yalikuwa ya mama mmoja," mama akasema. "Hilo halisahauliki. Wangu alinyonya kulia, yeye kushoto. Wangu ana karatasi ya ubatizo, ninayo hapa. Mhesabu kutoka kwake, mtampata na huyu."

Jaji aliyekaa katikati, mzee mwenye miwani, aliinama mbele. "Mama, unaelewa kwamba maneno yako yanaweza kumpunguzia adhabu aliyemuua mwanao?"

"Naelewa. Sikuja kumpunguzia. Nimekuja kusema walizaliwa lini."

"Basi, wewe kama mama wa marehemu, unaiomba mahakama impe adhabu gani?"

Nadhani wote tulikuwa tumeshamwandikia kichwani maneno ya kusema, msamaha, machozi, Mungu. Wakili alikuwa ameinua uso. Mama alisema, "Yote ambayo sheria inaruhusu kwa mtoto. Msimpunguzie hata siku moja."

Kwa mara ya kwanza Dido aliinua macho akamtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilihusu umri: kwamba mahakama imeukubali ushahidi wa mama wa marehemu, ambaye hakuwa na faida yoyote ya kuutoa, kwamba mshtakiwa alikuwa mtoto siku ile, kwamba kuua ni kuua hata kama aliyeua ni mtoto. Kifungo miaka kumi na mitano. Sheria iliruhusu zaidi. Walipomtoa, mama wawili walikuwa wamekaa benchi moja, mimi katikati yao, kwa sababu mabenchi mengine yalijaa na askari alikuwa ametusukuma hapo bila kujua sisi ni nani. Mama Dido alishika kichwa akasema, "Ni mingi, Yesu wangu, ni mingi." Mama alisema, "Ni kidogo." Walisema karibu kwa pamoja, na nilisikia moja kwa kila sikio.

Njia ya nyumbani ilikuwa ileile kwa wote. Mama alitangulia, Mama Dido akawa nyuma sana, na mimi nikatembea peke yangu kati yao mpaka tukafika uani. Jioni, mama akiwasha makaa, Mama Dido alikuja mpaka mlango wa kibanda. Alipiga magoti kwenye tope, na sketi yake ya kanisani.

"Mama Shukuru," alisema, na kusikia jina langu, Shukuru, ndani ya jina la mama kulinishtua, maana lilikuwa halijasikika kutoka upande ule kwa karibu mwaka. "Mungu akulipe. Mi sina."

"Usinishukuru," mama akasema. "Sikukufanyia wewe. Wala yeye. Inuka, unachafua nguo."

Mama Dido aliinuka. Alisimama kidogo akitazama pale mbabula yake ilipokuwa zamani, mahali ambapo saruji ilikuwa bado nyeusi, akarudi nyuma ya chumba chake. Mwisho wa mwaka alihamia Rugerero. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari. Mama alikaa ndani, lakini nilipoingia nilimkuta dirishani, na siku ile hakupika. Miaka mingi baadaye, Dido akiwa bado gerezani, Mama Dido alifariki. Mama alikwenda kwenye maziko, akakaa benchi la mwisho, akarudi bila kusimulia chochote.

Tangu hapo nimesoma, nimeolewa, nimefundisha Kiswahili watoto wa umri ule, mwaka baada ya mwaka, darasa linajaa kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba. Wanatukanana mbele ya wasichana. Wanasahau baada ya dakika kumi. Nimejiuliza mara nyingi miaka kumi na mitano ilikuwa ya haki au la, na bado jibu langu hubadilika kulingana na siku. Zipo siku ninapomkumbuka Fabrice akipiga pasi shati lake naona hata kifungo cha maisha kisingetosha. Binti yangu anadhani mtu akifika umri wangu huwa ameshaamua.

Dido alipotoka, mama alikuwa ameshahamia kwangu. Dido alikuja mchana, binti yangu akiwa shuleni; alikuwa peke yake, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama alikuwa amekaa uani kwenye jua. Mimi nilitoka nikasimama mlangoni, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alisalimu, akaanza, "Mama, nimekuja kuomba..."

"Ngoja," mama akamkata. "Macho yangu imechoka. Kuja hapa kwa mwangaza."

Akasogea. Mama alimtazama kuanzia juu. Kipara kilikuwa kimeanza pembeni mwa paji la uso. Ndevu zilikuwa na mvi mbili tatu. Kitambi kidogo, cha ugali wa gerezani. Mikunjo miwili kando ya mdomo.

"Uko na makumi tatu na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Geuka."

Akageuka, mwanamume mzima, mikono imeshikana mbele, na mama akamtazama mgongo, shingo, visigino. Aliporudi kumwelekea, machozi yalikuwa yanamtiririka Dido, si mama.

"Kumbe ni hivi," mama akasema.

"Nini, mama?"

"Mutu wa myaka yenu wawili."

Akaniambia nimpe maji. Dido alikunywa kikombe chote amesimama, na mama hakuacha kumtazama, koo lilivyopanda na kushuka. Hakumuuliza gerezani palikuwaje. Hakumruhusu kurudia lile neno la kuomba. Alipoona ameshakunywa, alimwonyesha lango kwa mkono. Dido alikuwa karibu kutoka mama alipomwita, kwa sauti kali kidogo, ile aliyotumia tulipokuwa watoto na tumesahau kitu.

"We Dido. Mwaka ingine urudi. Nataka kuona tena."